Kuutambua Mmea kwa Picha: Vichaka vya Mapambo na Miti Izaayo Koni katika Kazi ya Mkusanya Msamiati

1. Utangulizi

Miongoni mwa kadi za msamiati nilizozikusanya katika bustani za Lubumbashi, imo moja ambayo nimeihifadhi kwa makusudi ingawa ina kosa. Imeandikwa hivi: "lorie, nomino, kichaka cha bustani chenye maua ya rangi ya waridi, majani yake hutiwa katika mchuzi." Chini ya maneno hayo nimebandika picha ya kichaka kizuri kilichochanua kando ya ukuta.

Kila nusu ya kadi hiyo nilielezwa na mtu mkweli. Mtunza bustani mmoja alinionyesha kichaka na kukitaja kwa jina hilo. Mama mmoja mpishi, siku nyingine na mahali pengine, aliniambia kwamba lorie ni jani la kukolezea nyama. Kosa lilikuwa langu: nilidhani kwamba jina moja ni mmea mmoja, nikaziunganisha habari mbili chini ya picha moja. Kichaka kilichomo katika picha ni Nerium oleander, ambacho sehemu zake zote zina sumu inayodhuru moyo. Jani la mpishi ni la Laurus nobilis, mmea mwingine kabisa. Kama kadi ile ingalipigwa chapa jinsi ilivyo, kamusi ingalimfundisha msomaji kutia sumu chunguni.

Mwenzangu wa botania aliyeiona kadi hiyo hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: "Katika picha hii, kila kifundo cha tawi kimetoa majani mangapi?" Sikuweza kujibu, kwa kuwa nilikuwa nimepiga picha ya maua.

Makala haya yametokana na swali hilo. Yanakusudia kuwaeleza wanafunzi na walimu wanaokusanya msamiati wa mimea namna ya kuvitambua kwa picha vichaka vya mapambo pamoja na misonobari na jamaa zake, yaani miti izaayo koni. Hoja yetu ni kwamba picha hujibu maswali yale tu ambayo mpigaji alikuwa akiyajua kabla ya kuipiga. Ua ndilo linalovuta macho, lakini mara nyingi jani, kifundo na tunda ndivyo vinavyotoa ushahidi.

2. Jina moja, mimea mingi

Kosa la kadi yangu lina historia yake katika lugha. Kifaransa hulitumia neno laurier kwa mimea isiyo na udugu wa karibu: laurier-sauce ni Laurus nobilis wa jikoni, laurier-rose ni Nerium oleander, na laurier-cerise ni Prunus laurocerasus. Neno la pili ndilo linaloitenga mimea hiyo. Lakini katika mazungumzo neno hilo la pili hudondoka, na jina likihamia katika Kiswahili cha mjini huweza kufika bila mkia wake.

Kiswahili nacho kina majina ya namna hiyo. Mbono ni mmea unaotoa mafuta ya nyonyo (Ricinus communis), na mbono kaburi ni Jatropha curcas, unaopandwa sana kuwa ua wa kuzungushia makao. Anayeandika "mbono" pasipo kuuliza ni mbono upi, amepoteza nusu ya habari.

Waliotutangulia walilijua tatizo hili. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris mwaka 1939 na 1941, aliyaambatanisha majina mengi ya mimea na majina ya kisayansi. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa mimea. Jenasi Sacleuxia imepewa jina kwa heshima yake. Tena jenasi hiyo imo katika familia ya Apocynaceae, ambayo ndiyo familia ya Nerium aliyenikosesha.

Mmea uliokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi unaweza kurudiwa baada ya miaka mia moja: jani likapinduliwa, ua likaloweshwa na kufunguliwa, mbegu zikahesabiwa. Picha haipinduliki. Kisichoonekana siku ilipopigwa hakitaonekana kamwe. Kwa hiyo anayetumia simu ya mkononi badala ya karatasi za kukaushia mimea hana budi kufikiri kabla ya kubonyeza.

3. Maua matatu ya manjano

Tuchukue mfano unaopatikana katika bustani nyingi za nchi za joto. Mwanafunzi analeta picha ya ua la manjano lenye umbo la tarumbeta, lililojaza picha nzima. Anauliza ni mmea gani. Jibu la haki ni kwamba inaweza kuwa mimea mitatu angalau, yote yenye asili ya Marekani ya kitropiki.

Wa kwanza ni tevetia (Cascabela thevetia). Majani yake ni membamba na marefu, upana wake ukikaribia sentimita moja, nayo hupishana kuzunguka tawi. Ua halifunguki kabisa. Petali zake hupandana kama kitambaa kilichosokotwa. Tawi likivunjika hutoa utomvu mweupe. Tunda ni la kijani, lina mgongo uliojitokeza, na likikomaa hugeuka jeusi.

Wa pili ni alamanda (Allamanda cathartica). Huu nao una utomvu mweupe, lakini majani yake ni mapana zaidi, na kwa kawaida hukizunguka kifundo kwa matatu au manne. Matawi yake hutambaa na kuegemea ukuta au uzio. Ua limefunguka wazi, na tunda limejaa miiba.

Wa tatu ni tekoma (Tecoma stans). Majani yake hukabiliana mawili mawili, na kila jani limegawanyika katika vijani kadhaa vyenye meno meno ukingoni. Hauna utomvu mweupe. Tunda lake ni ganda jembamba, refu, lenye mbegu nyepesi zilizo na mabawa.

Msomaji aona kwamba katika maelezo hayo ua lina sehemu ndogo. Jani peleke yake latosha kuitenga mimea hii mitatu: jembamba lililo peke yake kwenye kifundo, pana lililo pamoja na wenzake wawili au watatu, au lililogawanyika. Hata hivyo, mpigaji picha huliacha jani nje ya picha kwa kuwa halina rangi ya kupendeza.

Tofauti hizo zina uzito mkubwa. Mbegu za tevetia zina sumu kali ya moyo, na tunda lake huwavutia watoto kwa umbo lake. Tekoma, kinyume chake, haihesabiwi miongoni mwa mimea ya hatari kama hiyo. Ikiwa kamusi, kitabu cha shule au orodha ya dawa za kienyeji itaita mimea yote mitatu "ua la tarumbeta la manjano", basi jina hilo litakuwa mlango wa ajali. Nasi tuseme wazi: mtoto akishukiwa kuwa amemeza sehemu ya mmea usiojulikana, si wakati wa kutafuta jina kwa picha. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi lenyewe lenye majani na tunda.

4. Rangi isiyo ua, na ukingo usiochanua

Kuna vichaka ambavyo picha ya ua huvipotosha kwa namna nyingine. Rangi ya zambarau au nyekundu ya bugenvilia si ya petali. Ni majani matatu yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kijineli chembamba, mara nyingi cheupe, kilichomo katikati. Vivyo hivyo kwa Euphorbia pulcherrima, kichaka kinachopendwa wakati wa Noeli: wekundu wake ni wa majani, na maua ni vifundo vidogo vya kijani na manjano vilivyo katikati. Mwanafunzi anayeandika "petali tatu nyekundu" katika kadi ameandika alichodhani ameona. Afadhali aandike "majani matatu ya rangi, na ndani yake kijineli cheupe", hata kama hajui jina la mmea.

Shida ya pili ni ukingo uliokatwa kwa mkasi. Duranta (Duranta erecta) hupandwa sana kuwa uzio wa bustani, nao ukikatwa kila mara hautoi maua wala matunda. Hapo anayetegemea ua hana la kusema. Ukiachwa ukue, hutoa vishada vya maua ya buluu au zambarau, kisha vitunda vya manjano vinavyoning'inia kama shanga, ambavyo havifai kuliwa. Jamaa yake, lantana (Lantana camara), nayo ina majani yanayokabiliana. Lakini jani la lantana hukwaruza likiguswa, hutoa harufu kali likisagwa, na vitunda vyake vikiiva ni vyeusi. Ukwaruzaji na harufu havipigwi picha. Ni lazima viandikwe.

Majira nayo husema. Katika Lubumbashi, kiangazi huanza mnamo Mei hadi Septemba. Franjipani (Plumeria rubra) iliyopigwa picha mwezi wa Julai huweza kuonekana kuwa ni matawi manene matupu, kana kwamba mti umekufa. Picha isiyo na tarehe humfanya msomaji asijue kama mmea hauna majani kwa asili yake, kwa ugonjwa, au kwa majira.

5. Miti izaayo koni

Kwa misonobari na jamaa zake hakuna maua ya kuvutia macho, na kwa hiyo mazoea ya kutazama ua hayana msaada wowote. Jina la kawaida nalo hupanuka kupita kiasi: kila mti wenye ncha juu na majani membamba huitwa msonobari, au huitwa kwa neno la Kifaransa sapin. Kwa mtaalamu, sapin ni jenasi Abies, na msonobari ni jenasi Pinus. Miti mingi ya bustani zetu si hii wala ile.

Tuanze na Pinus. Majani yake ni kama sindano, nayo hutoka katika mafungu. Idadi ya sindano katika fungu moja ni alama kubwa: Pinus patula, wenye asili ya Meksiko, kwa kawaida una sindano tatu ndefu zinazoning'inia. Picha ya mti mzima haionyeshi fungu. Chukua fungu moja, lilaze juu ya karatasi nyeupe, kisha piga picha.

Miti ya saipresi na ile inayoitwa thuya haina sindano inapokomaa. Majani yake ni magamba madogo yaliyolifunika tawi kama magamba ya samaki. Thuya ya bustani zetu aghalabu ni Platycladus orientalis kutoka China. Linnaeus aliuita Thuja orientalis mwaka 1753, na jina hilo la zamani lingali likitumiwa na wauza miche. Vitawi vyake ni bapa na husimama wima, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Koni zake changa zina rangi ya kijani-buluu na vipembe vilivyopinda. Saipresi ya Meksiko (Cupressus lusitanica) hutoa vitawi kila upande, na koni yake ni mviringo kama gololi, yenye magamba yanayofanana na ngao ndogo. Jina lake la kisayansi lataja Ureno, kwa kuwa mwaka 1768 ulielezwa kutokana na miti iliyopandwa huko, ingawa asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Hapo twajifunza kwamba hata jina la kisayansi laweza kubeba kosa la safari. Hata hivyo huelekeza kwenye mmea mmoja, na hiyo ndiyo kazi yake.

Umri wa mti nao hudanganya. Miche ya miti hii mingi huwa na majani kama sindano laini, nayo hupata magamba baadaye. Katika karne ya 19 wakulima wa bustani wa Ulaya waliviita Retinospora vichaka vingi vyenye majani laini ya namna hiyo, wakidhani ni jamii ya peke yake. Baadaye, kwa juhudi za wataalamu kama Mjerumani Ludwig Beissner, ilifahamika kwamba vingi vilikuwa hali ya utoto ya thuya na jamaa zake, iliyodumishwa kwa kupanda vipande vya matawi. Basi mtoto na mzazi walikuwa wamepewa majina mawili. Mkusanya msamiati ajihadhari na kosa hilo: tazama kama kichaka kimoja kina majani ya namna mbili, na upige picha ya zote mbili.

Kinyume chake ni mvinje (Casuarina equisetifolia), ambao wageni wa pwani huuita msonobari, na ambao Kifaransa huuita filao. Una "sindano" na una "koni", lakini si mti uzaao koni hata kidogo. Ni mmea utoao maua. Zile sindano ni vitawi vyenye viungo. Ukivuta kitawi polepole hukatika penye kiungo, na hapo huonekana pete ya vijino vidogo, ambavyo ndivyo majani yenyewe. Kiungo hicho kikipigwa picha kwa karibu, hakuna atakayekosea tena.

Mfano wa mwisho ni araukaria. Araucaria heterophylla ya kisiwa cha Norfolk na Araucaria columnaris ya Kaledonia Mpya huchanganywa mara nyingi, hasa zikiwa changa ndani ya vyungu. Zikikua, ya kwanza hupanuka chini kama pembetatu, na ya pili hubaki nyembamba kama nguzo. Tena hiyo ya pili ina tabia ya ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopima miti 256 katika mabara matano, ulionyesha kwamba huelekea kuinama upande wa ikweta: ile ya kaskazini huinamia kusini, na ile ya kusini huinamia kaskazini. Kwa hiyo mti wa namna hiyo ukiwa Lubumbashi tungetarajia uinamie kaskazini. Lakini alama hiyo hupotea kabisa ikiwa mpigaji ameinamisha simu yake ili mti uonekane umenyooka. Ukuta wa nyumba au nguzo ya umeme ndani ya picha hutumika kuwa shahidi wa wima.

6. Picha tano na maneno manne

Kutokana na mifano hiyo, twapendekeza utaratibu ufuatao kwa kila mmea unaoingizwa katika orodha ya msamiati.

Picha ya kwanza iwe ya mmea mzima, pamoja na kitu chenye urefu unaojulikana, kama mlango au mtu aliyekubali kusimama hapo. Ya pili iwe ya tawi, ionyeshe vifundo viwili au vitatu, ili majani yahesabiwe. Ya tatu iwe ya jani, upande wa juu na wa chini, juu ya karatasi nyeupe yenye rula. Ya nne iwe ya ua, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Ya tano iwe ya tunda au koni, changa na iliyokomaa ikiwezekana. Kisichopatikana kiandikwe kwamba hakikuwapo, kwa maana kukosekana kwa tunda ni habari, na kusahau kulipiga picha ni habari nyingine.

Maneno manne yaambatane na picha hizo. La kwanza ni utomvu: upo au haupo, na ni wa rangi gani. La pili ni harufu na mguso. Asionje mtu yeyote, na mikono ioshwe baada ya kazi. La tatu ni tarehe na mahali. La nne ni jina, liandikwe jinsi lilivyotamkwa, pamoja na kazi ya aliyelitamka na lugha anayodhani jina limetoka. Matumizi yaandikwe tu yakiwa yamesemwa mbele ya mmea uleule. Sharti hilo la mwisho ndilo lililokosekana katika kadi yangu.

7. Msaada wa programu za simu

Siku hizi zipo programu zinazotaja mmea kutokana na picha. Mojawapo ni Pl@ntNet, iliyoanzishwa na taasisi za utafiti za Ufaransa. Ni msaada mkubwa, na hatuoni sababu ya kumkataza mwanafunzi asizitumie. Lakini na ajue zinavyofanya kazi. Programu huilinganisha picha yake na picha nyingine zilizokwisha kupewa majina, kisha hutoa orodha ya majina yanayowezekana, likitangulia lile linalokaribia zaidi. Mahali ambapo picha chache zimekusanywa, ulinganisho huwa dhaifu. Vichaka vya mapambo vina faida hapo, maana vimepandwa dunia nzima na kupigwa picha mara nyingi. Mmea wa msitu wa miombo hauna bahati hiyo.

Programu hiyohiyo humwomba mtumiaji aeleze kama picha ni ya ua, jani, tunda au gome. Ombi hilo lathibitisha tuliyoyasema: hata mashine hutaka kujua inaulizwa nini. Jina lililotolewa liingizwe katika kadi kama dhana, hadi vifundo, majani na matunda yalinganishwe na maelezo ya kitabu au na mtaalamu.

8. Hitimisho

Kadi yangu ya lorie sasa imekuwa kadi mbili. Ya kwanza ina picha ya kichaka chenye majani magumu, matatu matatu kwenye kila kifundo, yenye mishipa mingi iliyopangana kama meno ya kitana. Matumizi yake yameandikwa "mapambo", na mbele yake pana neno "sumu". Ya pili haina picha ya mmea, kwa kuwa mpishi aliyenieleza hajawahi kuuona mti wenyewe. Hununua majani yaliyokauka sokoni. Nimepiga picha ya jani hilo lililokauka, nikaandika harufu yake. Ile kadi ya kale bado ninayo mezani, nami huwaonyesha wanafunzi wapya kabla hawajatoka na simu zao kwenda bustanini. Kisha huwauliza swali lilelile nililoulizwa mimi: kila kifundo kimetoa majani mangapi?